Kupunguzwa mfuko wa chakula: mwongozo kamili wa kujiandaa, kulazwa na kupona

Upasuaji wenyewe, unaofanywa ili kupunguza uzito, huchukua saa moja hadi tatu hivi. Daktari akishamaliza, kazi inahamia nyumbani: kwa anayepika, kwa anayesimamia dawa, na kwa mgonjwa mwenyewe aliyeshika kikombe, anapiga funda moja, anasubiri, anapiga jingine. Waliohangaika baada ya upasuaji huu, mara nyingi hawakuhangaishwa na kisu. Walilipia kisu peke yake. Hawakutenga fedha za vitamini wala za vipimo vya mwaka wa pili, na nyumbani hakuna aliyeelezwa kwa nini mgonjwa hali ugali. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa watu wawili, mgonjwa na atakayemuuguza. Usomeni pamoja, mapema.

Je, unastahili?

Anza na hesabu ya BMI. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawa uzito wako kwa jibu hilo. Mtu wa kilo 120 mwenye urefu wa mita 1.65: 1.65 mara 1.65 ni 2.72; 120 gawa kwa 2.72 ni 44. Kwa miaka 30 tangu 1991, kipimo kilichofuatwa na wengi kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vya Marekani na vya kimataifa vilishusha: 35 kwenda juu hata bila ugonjwa mwingine, na 30 hadi 35 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au matatizo ya namna hiyo.

Anayetaka kutoa kilo nane ili nguo ya harusi imkae vizuri, hapa si mahali pake, na daktari anayekubali kumpasua huyo ni wa kukimbiwa. Mjamzito asubiri. Anayetaka mimba ndani ya mwaka mmoja asubiri. Anayekunywa pombe kupita kiasi, au mwenye sonona ambayo haijatibiwa, atibiwe kwanza. Hanyimwi haki yake, ila miezi ya mwanzo ni migumu hata kwa mtu aliyetulia.

Aina zenyewe

Inayofanywa zaidi ni slivu. Daktari anapitia matundu madogo tumboni, anakata na kutoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba. Kilichotolewa hakirudi. Njaa nayo hupungua, kwa kuwa sehemu inayoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Kasoro yake kubwa ni kiungulia: mwenye kiungulia kikali tangu zamani anaweza kuzidiwa, na wengi wa namna hiyo hushauriwa baipasi.

Katika baipasi hutengenezwa kijifuko cha mililita 30 hivi, kisha utumbo mdogo unaunganishwa nacho ili chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Kwa kisukari ina nguvu sana, na wapo ambao sukari yao hushuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua. Gharama yake ni kwamba mwili hunyonya vitamini na madini kwa shida maisha yote.

Puto si upasuaji. Linaingizwa kwa mdomo, linajazwa maji humo tumboni, linakaa miezi sita (mengine mwaka), kisha linatolewa. Tanzania huduma hii inapatikana Muhimbili-Mloganzila. Siku tatu nne za kwanza kichefuchefu huwa kikali. Likitolewa bila mtu kubadili ulaji wake, kilo hurudi, kwa hiyo lichukulie kama muda wa kujifunza kula upya.

Maswali ya kumuuliza daktari kabla hujalipa

Umefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na hapa hapa hospitalini? Mshono ukivuja usiku wa manane, nani anakuja, na chumba cha wagonjwa mahututi kipo? Mtaalamu wa lishe nitamwona mara ngapi baada ya kutoka? Bei hii inahusu nini, na nikirudi ndani ya siku 30 nalipa tena? Mwenye bima apate jibu la kampuni kwa maandishi. Maneno ya dirishani hayalipi bili.

Wanaokwenda India wana swali la ziada: nikirudi, nani atanihudumia? Mtafute daktari wa nyumbani kabla ya kukata tiketi. Panga kubaki huko angalau siku kumi hadi kumi na nne, maana kukaa muda mrefu kwenye ndege mapema kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Na usipande ndege bila ripoti kamili ya upasuaji: aina iliyofanywa, dawa ulizopewa, picha za uchunguzi. Daktari wa zamu anayekupokea Mwanza au Mombasa ukiwa na maumivu makali hawezi kukisia ulichofanyiwa.

Vipimo na miezi ya maandalizi

Tarajia picha kamili ya damu, sukari ya wastani wa miezi mitatu, figo, ini, tezi ya shingo, madini ya chuma, vitamini B12 na D, kipimo cha moyo na ultrasaundi ya tumbo. Wengi hupigwa pia endoskopi, yaani kamera ndogo inayopitishwa mdomoni kuangalia tumbo. Bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, ni wengi sana kwetu. Akikutwa, unatibiwa kwanza. Vitamini zilizopungua nazo hurekebishwa kabla, kwa sababu baada ya upasuaji kuzipandisha ni kazi maradufu.

Mwambie daktari kama unakoroma na kushtuka usingizini ukitafuta pumzi. Wengi huona aibu kulisema hili, ilhali daktari wa usingizi, atakayekulaza wakati wa upasuaji, analihitaji kuliko karibu lolote jingine. Sigara iachwe angalau wiki sita kabla, na shisha pia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni kwa kawaida husimamishwa kama mwezi mmoja kabla, kwa sababu huchangia damu kuganda. Tumia njia nyingine wakati huo. Taja kila dawa unayotumia: za kuyeyusha damu, sindano za kupunguza uzito, za presha, na mitishamba bila kuificha.

Miezi hii ndiyo ya kujizoeza. Tafuna kila tonge mara 20 hadi 30. Acha maji mezani: kunywa kabla, au nusu saa baada ya kula. Acha soda. Anayeyaanza haya siku ya upasuaji anajifunza akiwa na maumivu.

Wiki mbili za mwisho

Hapa unapewa chakula kidogo sana, mara nyingi kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, chenye protini nyingi na wanga kidogo. Kazi yake ni kusinyaza ini. Ini la mtu mnene hujaa mafuta, linavimba na kufunika mfuko wa chakula, na daktari hulazimika kuliinua ili apate njia. Likiwa kubwa mno, upasuaji unaweza kuahirishwa ukiwa tayari mezani. Ile karamu ya mwisho, ya pilau na biriani za kuagana na chakula, inakuharibia jambo hili hasa.

Mwenye kisukari asiingie wiki hizi bila daktari kumpunguzia insulini au vidonge. Chakula kikipungua na dawa ikabaki pale pale, sukari inashuka hadi mtu anazimia.

Andaa nyumba sasa. Blenda, chujio laini, vikombe vidogo, kipima joto, parasetamoli ya maji, unga wa protini usio na sukari. Panga nani atateka maji, nani atambeba mtoto.

Siku yenyewe na siku za wodini

Kwa kawaida chakula kigumu husimama saa sita au zaidi kabla, na maji matupu saa mbili kabla. Fuata ulichoambiwa na daktari wako wa usingizi. Ukiamka utakuta matundu manne au matano yenye plasta. Bega linaweza kuuma kuliko tumbo, kutokana na gesi iliyotumika kulipanua tumbo wakati wa kazi, na huisha ndani ya siku chache. Dawa yake kubwa ni kutembea.

Tembea siku hiyo hiyo, hata kama ni hatua kumi kutoka kitandani hadi dirishani. Damu kuganda mguuni na kukimbilia mapafuni ni miongoni mwa mambo yanayoua baada ya upasuaji huu, na hatari yake haiishii wodini. Ndiyo maana wengi hurudi nyumbani na sindano za kuzuia damu kuganda. Kabla ya kuruhusiwa, hakikisha mmejua nani atazichoma na kwa siku ngapi. Wengi hutoka baada ya siku moja hadi tatu.

Dalili za kukimbizwa hospitali

Ibandikeni ukutani sehemu hii.

Mapigo ya moyo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu kwa dakika nzima mgonjwa akiwa amepumzika. Yakifika 120 au zaidi na hayashuki, nendeni, hata kama anasema yuko salama. Mshono unaovuja huanza hivyo: moyo unakwenda mbio kabla homa haijapanda.

Mengine ni homa ya 38 kwenda juu, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, pumzi kukatika, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika damu au choo cheusi kama lami, na usaha kwenye kidonda.

Kutapika kusikokoma nako si jambo la kungojea. Asiyeweza kubakiza hata maji kwa siku nzima anaishiwa maji. Na akitapika siku nyingi anaishiwa vitamini B1, ambayo mwili hauweki akiba yake kubwa. Upungufu huo unaharibu ubongo: mtu anaanza kuyumba, anaona vitu viwili viwili, anachanganyikiwa. Akifikishwa hospitali apewe B1 kabla ya dripu ya sukari, na anayemuuguza aseme wazi, "Huyu amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito." Sentensi hiyo moja inabadilisha namna anavyohudumiwa.

Chakula, wiki kwa wiki

Ratiba ya daktari wako ndiyo sheria. Hii ni ya kawaida inayofuatwa na wengi.

Siku mbili za kwanza ni maji, supu iliyochujwa ikawa maji matupu, na chai nyepesi isiyo na sukari. Lengo ni kufikia lita moja na nusu kwa siku polepole. Kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa wa pwani, kinafaa sana hapa. Kipime kwanza kwa sindano ya dawa. Ukikuta kinaingia mililita 60, basi kikombe kimoja kila nusu saa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku kinakufikisha lita moja na nusu. Usitumie mrija, unaingiza hewa.

Hadi mwisho wa wiki ya pili: maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi usio na sukari, unga wa protini, supu ya samaki au kuku iliyosagwa na kuchujwa, uji wa ulezi mwepesi unaopita kwenye chujio bila kusukumwa.

Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyopondwa laini kabisa: maharage na choroko zilizosagwa, samaki asiye na miba aliyevurugwa kwenye mchuzi, yai la kuvuruga, boga. Vijiko vitatu vinne vya chakula vinatosha kwa mlo. Dagaa hapa ni hazina: toa vichwa, kaanga bila mafuta, saga wawe unga, nyunyiza kijiko kwenye supu. Ni protini na kalsiamu kwa bei ambayo makopo ya dukani hayafikii.

Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini vya kutafunwa, na baada ya hapo unarudi taratibu kwenye chakula cha nyumbani. Jaribu kitu kipya kimoja kwa siku. Nyama choma kavu, wali mkavu, mkate laini wa dukani na ugali mgumu ndivyo vinavyokwama zaidi. Ugali na mkate huvimba na kuwa donge. Anza kula protini, kisha mboga, wanga mwisho, na ukishiba acha, hata kama kimebaki kijiko kimoja.

Protini inayotakiwa ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai lina 6 hivi, glasi ya maziwa 8, gramu 100 za samaki aliyepikwa kama 20, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Ukijumlisha utaona kwa nini wiki za mwanzo unga wa protini ni lazima kwa wengi.

Sukari ni suala jingine, hasa kwa wa baipasi. Soda, juisi ya boksi, chai ya sukari au tende kadhaa kwa pamoja zinashuka kwenye utumbo kwa kishindo: jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kukata, kuhara. Wengine sukari huwashuka saa moja hadi tatu baadaye. Wageni wanaokuja kumjulia hali na juisi waelezwe kwa upole mlangoni.

Na akina mama, shangazi na bibi, kwa heshima zote: mgonjwa huyu si mzazi. Asikandwe tumbo kwa maji ya moto, asifungwe kanga ya kubana, asipewe uji wa pilipili manga. Najua nia ni njema, lakini ndani kuna mshono mbichi.

Kuhusu Ramadhani, mwili huu unakunywa kidogo kidogo mchana kutwa, kwa hiyo katika miezi ya mwanzo madaktari wengi humwomba mgonjwa asifunge. Baadaye wengi hufunga salama, baada ya kupanga na daktari dawa, maji na protini kati ya futari na daku.

Dawa, na zile za kuepuka

Vitamini ni za maisha. Kwa kawaida ni vitamini mchanganyiko kila siku; kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa mara mbili tatu, ikiwezekana ya sitreti; vitamini D; B12 kwa kidonge au sindano ya kila mwezi; na madini ya chuma, miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi. Kalsiamu na chuma vipishane saa mbili, na chuma kisinywewe na chai.

Wanaotumia ARV zenye dolutegravir, yaani TLD, wasikilize hili: kalsiamu na chuma vikinywewa pamoja nayo tumboni pakiwa patupu vinaizuia isinyonywe vizuri. Kwa kawaida dawa hiyo hunywewa saa mbili kabla ya virutubisho hivyo au saa sita baada yake. Itaarifu kliniki yako ya CTC kabla ya upasuaji, ratiba ipangwe. Dawa za tezi nazo zina mgongano huo huo.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu: kwa wa baipasi ni marufuku maishani, na wa slivu waziepuke. Huchimba vidonda kwenye maungio ya mfuko na utumbo, na kidonda kinaweza kutoboka. Ugumu ni kwamba duka la dawa la mtaani huziuza kwa kila maumivu ya mgongo na jino, na sindano ya diklofenaki huchomwa kabla hujamaliza kujieleza. Sema mwenyewe, kila mara. Parasetamoli ndiyo yako.

Vidonge vikubwa wiki za mwanzo vivunjwe au vibadilishwe kuwa vya maji, ila vile vinavyoachia dawa polepole havivunjwi. Dawa za presha na kisukari zipimwe upya mapema. Ukisimama ukaona giza, pima presha.

Kazi, mwili, mimba

Usibebe zaidi ya kilo tano kwa wiki nne hadi sita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto wa mwaka ni zaidi ya kilo nane. Kazi ya ofisini wengi huirudia baada ya wiki mbili au tatu. Shamba, ujenzi na kubeba mizigo, wiki sita. Bodaboda iache mwezi wa kwanza. Baharini usiingie kabla vidonda havijafunga kabisa.

Kuanzia mwezi wa tatu nywele hunyonyoka. Inatisha, lakini mara nyingi huota tena, mradi protini na chuma visipungue. Mizani pia husimama kwa wiki kadhaa ghafla, aghalabu karibu na wiki ya tatu, kisha huendelea. Kwa wengi, baada ya mwaka mmoja hadi miwili, robo hadi theluthi ya uzito wa mwanzo huwa imeondoka, na ngozi hubaki imelegea.

Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Kuna wanawake waliokaa miaka bila kushika mimba ambao hushika ghafla, kwa sababu yai huanza kupevuka uzito ukishuka. Baada ya baipasi vidonge haviaminiki. Bora sindano, kipandikizi au kitanzi.

Pombe hupanda haraka na kwa kiasi kidogo, na wapo wanaohamisha tamaa ya chakula kwenye glasi. Familia iangalie hilo bila kulaumu.

Halafu kuna maneno ya watu. Kwetu anayekonda huulizwa anaumwa nini, na nyuma ya mgongo wake jibu limeshatolewa. Amueni mapema nyumbani mtasema nini. Kusema "nilifanyiwa upasuaji kwa ajili ya sukari" kunatosha, na asiyetaka kusema lolote ana haki hiyo. Msibani na harusini, sahani ndogo yenye kipande cha samaki mbele yako huzima maswali mengi kuliko kukaa mikono mitupu.

Kliniki za kurudi kwa kawaida ni wiki ya pili, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, mwaka, kisha kila mwaka bila mwisho, na vipimo vya damu vya chuma, B12, vitamini D, kalsiamu, ini na figo. Wengi huacha kwenda baada ya mwaka wa pili kwa sababu wanajiona wazima, na upungufu wa B12 hujitokeza kipindi hicho kwa ganzi ya miguu ambayo ikikomaa huenda isiondoke. Tenga fedha za vipimo hivyo tangu sasa, kwenye hesabu ile ile unayopigia bei ya upasuaji.